DARUBINI YA BUNDUKI: Namna Inavyofanya Kazi na Namna ya Kuichagua

Mwindaji anayelenga swala pala aliye umbali wa mita 300 hana budi kuipeleka risasi yake katika eneo la moyo na mapafu, ambalo upana wake hauzidi shibiri moja. Risasi ikitua nje ya eneo hilo kwa sentimeta chache tu, mnyama hafi papo hapo. Hukimbia akiwa na jeraha la tumbo au la mguu, akajificha vichakani na kufa kwa mateso baada ya saa nyingi au siku kadhaa. Akiwa ni nyati, jeraha hilo huwa hatari kwa binadamu pia, kwa sababu wale wanaomfuata kwa damu yake huenda wakamkuta amesimama kichakani akiwangojea.

Kwa sababu hiyo, darubini inayofungwa juu ya bunduki si pambo. Ni chombo cha kupimia, na ni lazima kichaguliwe kwa akili ile ile anayoitumia mpima ardhi anapochagua teodolaiti yake. Darubini bora kabisa huuzwa huko Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na pengine bei yake huipita ya bunduki yenyewe. Hata hivyo wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: inakuza mara ngapi? Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo si la kwanza, na ni yapi yanayopaswa kulitangulia.

Chanzo cha chombo hiki

Galileo alipoitazama mbingu kwa darubini yake mwaka 1609, alitumia lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo kwenye jicho. Darubini ya namna hiyo hukuza, lakini haina mahali pa kuweka alama ya kulengea, kwa kuwa taswira haijengeki ndani ya bomba lake. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza darubini ya namna nyingine, yenye lenzi mbinuko pande zote mbili. Katika darubini hiyo taswira halisi ya kitu hujengeka ndani ya bomba, ingawa imepinduliwa juu chini.

Mnamo mwaka 1639 hivi, William Gascoigne, mwanafalaki wa Uingereza, aliona uzi wa buibui uliotandwa ndani ya darubini yake. Uzi ule ulionekana wazi kabisa pamoja na kitu alichokuwa akikitazama, kwa kuwa ulikuwa umekaa mahali pale pale taswira ilipojengekea. Gascoigne alitambua mara moja kwamba nyuzi zikiwekwa mahali hapo kwa makusudi, darubini hugeuka kuwa chombo cha kulengea na kupimia. Aliuawa vitani Marston Moor mwaka 1644 angali kijana, lakini wazo lake liliendelea kuishi. Vyombo vya wapima ardhi vinalitumia hadi leo, na darubini za bunduki vilevile. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, walenga shabaha wa pande zote mbili walitumia bunduki zilizofungwa darubini ndefu za namna hiyo.

Sehemu za darubini

Darubini ya bunduki ina sehemu nne kubwa. Ya kwanza ni lenzi ya mbele, ambayo hukusanya nuru na kujenga taswira iliyopinduliwa. Ya pili ni lenzi za kati, ambazo huigeuza taswira hiyo isimame wima. Lenzi hizo zikisogezwa mbele au nyuma ndani ya bomba, ukuzaji huongezeka au hupungua. Ya tatu ni lenzi ya jicho, ambayo humwezesha mlengaji kuiona taswira. Ya nne ni alama ya msalaba, ambayo zamani ilifanywa kwa nyuzi na siku hizi aghalabu huchorwa juu ya kioo chembamba.

Juu na ubavuni mwa bomba mna vifundo viwili. Kimoja huisogeza alama juu na chini, na kingine kushoto na kulia. Vifundo hivyo huzunguka kwa hatua ndogo ndogo, na kila hatua husikika kwa mlio mwepesi. Ufundi wa vifundo hivi ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoitofautisha darubini ya bei kubwa na ile ya bei ndogo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Ukuzaji una mipaka

Jicho zima la binadamu, katika mwanga wa kutosha, huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya digrii moja. Katika umbali wa mita 100 pembe hiyo ni sawa na sentimeta 3 hivi. Darubini inayokuza mara 10 humwezesha mlengaji kuona sentimeta 3 hizo hizo katika umbali wa mita 1,000. Kwa uwindaji basi, ukuzaji wa mara 4 hadi 10 hutosha kabisa. Ukuzaji wa mara 20 au 25 una manufaa kwa wapigaji wa shabaha za mbali, ambao hulenga karatasi isiyotembea.

Ukuzaji mkubwa una gharama tatu. Kwanza, hupunguza upana wa mwono. Darubini inayokuza mara 3 huonyesha eneo la mita 12 hivi katika umbali wa mita 100. Ikikuza mara 10, eneo hilo hupungua hadi mita 4 au chini yake, na mnyama akipiga hatua chache tu hutoweka machoni. Pili, hukuza pia mtetemo wa mikono na mapigo ya moyo wa mlengaji. Tatu, hukuza misukosuko ya hewa. Katika mbuga zetu, jua la mchana likiipasha ardhi moto, hewa ya chini hupanda ikiwa nyepesi kuliko ile ya juu, na nuru hupindapinda ikipita humo. Hayo ndiyo yaletayo mazigazi. Kwa hali hiyo taswira huchezacheza kama kitu kilichomo ndani ya maji yachemkayo, na ukuzaji ukizidishwa huongeza mchezo huo tu bila kuonyesha jambo jipya.

Nuru

Nuru inayoingia kwa lenzi ya mbele hutokea kwenye lenzi ya jicho ikiwa duara dogo. Kipenyo cha duara hilo hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Darubini yenye lenzi ya milimeta 42 inayokuza mara 6 hutoa duara la milimeta 7. Ile yenye lenzi ya milimeta 50 ikikuza mara 25 hutoa duara la milimeta 2 tu.

Mboni ya jicho la kijana hufunguka hadi milimeta 7 gizani, na hupungua kadiri umri unavyozidi. Mchana mkali hufungika hadi milimeta 2 au 3. Kwa hiyo duara la milimeta 2 halina ubaya adhuhuri, lakini jioni huacha sehemu kubwa ya mboni bila nuru, na taswira huwa na giza.

Hapa ndipo mahali anapowinda mlengaji hupaswa kuangaliwa. Wajerumani na Waaustria waliibuni darubini ya ukuzaji wa mara 8 na lenzi ya milimeta 56 kwa ajili ya kuwinda wakati wa machweo. Kaskazini mwa Ujerumani, mwezi Juni, mwanga wa machweo hudumu zaidi ya dakika 40. Karibu na Ikweta jua hutua likishuka wima, na mwanga huo hautimizi hata nusu saa. Mwindaji wa Afrika Mashariki anayenunua lenzi kubwa na nzito kwa ajili ya machweo marefu ya Ulaya hubeba mzigo ambao nchi yake haimdai.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko ukubwa wa lenzi ni utando uliopakwa juu yake. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya nuru. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo hupitisha asilimia 66 tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni ya Zeiss, alivumbua njia ya kupaka kioo utando mwembamba sana, wenye unene wa karibu sehemu ya elfu kumi ya milimeta. Mawimbi ya nuru yanayorudishwa na uso wa juu wa utando na yale yanayorudishwa na uso wa chini hukutana na kufutana. Siku hizi hupakwa tando nyingi, moja juu ya nyingine. Kila uso ukirudisha nusu ya asilimia moja tu, nyuso 10 hupitisha asilimia 95. Faida yake si mwangaza peke yake: nuru isiyopita hutangatanga ndani ya bomba na kuifunika taswira kwa ukungu mweupe, hasa jua linapokuwa mbele ya mlengaji.

Wauzaji wengine hudai kwamba bomba lenye kipenyo cha milimeta 30 au 34 huingiza nuru nyingi kuliko lile la milimeta 25. Dai hilo si la kweli. Kiasi cha nuru huamuliwa na lenzi ya mbele, ukuzaji, na ubora wa vioo na tando zake. Bomba nene huipa alama nafasi kubwa zaidi ya kusogea, na hiyo ni faida kwa anayepiga mbali.

Kosa lisiloonekana: paralaksi

Msafiri akitazama saa ya ukutani akiwa amesimama upande, mshale huonekana umesimama mahali pengine kuliko anavyouona aliye mbele yake. Kosa hilo huitwa paralaksi. Hutokea katika darubini pia ikiwa taswira ya shabaha na alama ya msalaba hazijakaa mahali pamoja ndani ya bomba. Jicho likisogea kidogo kutoka katikati, alama huonekana imehama juu ya shabaha, ingawa bunduki haikutikisika.

Darubini nyingi za uwindaji hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa mita 100 hivi. Kwa lenzi ya mbele ya milimeta 50, jicho likiwa kwenye ukingo kabisa, kosa lake katika mita 300 hufikia sentimeta 5, na katika mita 600 hufikia sentimeta 12 na nusu. Anayewinda chini ya mita 200 hana haja ya kuhangaika nalo, mradi aweke shavu lake pale pale kwenye kitako cha bunduki kila mara. Anayepiga mbali hana budi kununua darubini yenye kifundo cha kuondolea paralaksi, na kukitumia kabla ya kila mpigo: atikise kichwa kidogo, atazame kama alama inahama, na azungushe kifundo mpaka itulie.

Kupima kwa pembe

Risasi huanza kuanguka mara itokapo kwenye mtutu, kama jiwe lililoachwa mkononi. Risasi ya kawaida ya milimeta 7.62 inayotoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde hutumia zaidi kidogo ya sekunde 0.4 kufika mita 300. Bunduki ikiwa imesawazishwa kwa mita 100, risasi hiyo itapiga sentimeta 40 hadi 50 chini ya mahali palipolengwa katika mita 300, na karibu mita 3 chini katika mita 600. Upepo wa mita 4 kwa sekunde uvumao ubavuni huisukuma yapata sentimeta 15 au zaidi katika mita 300.

Masahihisho hayo hufanywa kwa pembe, na kipimo kilicho rahisi zaidi kwa wanaotumia mita ni miliradiani. Miliradiani moja ni pembe ambayo katika umbali wa mita 1,000 ina upana wa mita 1, na katika mita 100 ina upana wa sentimeta 10. Hatua moja ya kifundo aghalabu ni sehemu ya kumi ya miliradiani, yaani sentimeta 1 katika mita 100. Darubini nyingine hutumia dakika ya pembe, ambayo katika mita 100 ni sentimeta 2.9. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Kosa ni kununua darubini ambayo alama yake imechorwa kwa kipimo kimoja na vifundo vyake kwa kingine.

Alama yenye mistari ya miliradiani huweza pia kukadiria umbali. Swala pala dume mwenye kimo cha sentimeta 90 begani, akionekana kujaza miliradiani 3, yuko umbali wa mita 300. Lakini si kila dume ana kimo hicho. Akiwa na sentimeta 81 tu, umbali wake wa kweli ni mita 270, na risasi iliyoelekezwa kwa mita 300 itapita sentimeta 8 hivi juu ya ilikotakiwa. Ongeza hapo sentimeta 5 za paralaksi, na risasi imekwisha kutoka nje ya ile shibiri moja. Ndiyo maana kipimaumbali cha leza kimekuwa mwenzi wa lazima wa darubini ya masafa marefu.

Mahali pa alama

Katika darubini yenye ukuzaji unaobadilika, alama huweza kuwekwa mbele ya lenzi za kati au nyuma yake. Ikiwekwa mbele, hukua na kupungua pamoja na taswira, na vipimo vyake hubaki kweli katika kila ukuzaji. Ikiwekwa nyuma, hubaki na unene ule ule, na vipimo vyake ni kweli katika ukuzaji mmoja tu. Mstari uliochorwa kuwa miliradiani 1 katika ukuzaji wa mara 16 utafunika miliradiani 2 katika ukuzaji wa mara 8. Anayepima kwa alama katika ukuzaji mbalimbali atachagua ya mbele. Mwindaji wa karibu, anayetaka msalaba ulio wazi hata ukuzaji ukiwa mdogo, ataridhika na ya nyuma.

Jaribio la ukweli wa vifundo

Jambo hili ndilo kiini cha uchaguzi wote. Kioo kizuri kisicho na vifundo vya kweli humdanganya mlengaji kwa uwazi mkubwa. Jaribio lake ni rahisi, na halihitaji risasi hata moja. Bunduki iliyothibitishwa kuwa tupu, au darubini peke yake, hufungwa imara isitikisike. Ubao wenye rula ndefu husimamishwa wima umbali wa mita 100 kamili. Alama huelekezwa kwenye sifuri, kisha kifundo huzungushwa miliradiani 10. Alama inapaswa kuwa imehama sentimeta 100. Ikiwa imehama sentimeta 97, kifundo kina kosa la asilimia 3. Katika mita 300 kosa hilo halina madhara. Lakini katika mita 1,000, ambako sahihisho la miliradiani 12 huhitajika, kosa ni sentimeta 36. Baada ya hapo kifundo hurudishwa kwenye sifuri, na alama ni lazima irudi pale pale ilipoanzia. Darubini isiyorudi haifai, hata kama vioo vyake vinang'aa namna gani.

Mazingira ya nchi za joto

Darubini iliyo bora huondolewa hewa ya kawaida na kujazwa naitrojeni au agoni kavu, kisha huzibwa, ili umande usijengeke ndani yake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki unyevu huleta adui mwingine, nao ni kuvu. Kuvu huota juu ya kioo kilichofungiwa katika mkoba wa ngozi wenye unyevu, na huweza kuula utando wake. Darubini yafaa ihifadhiwe mahali pakavu penye hewa. Vumbi lipeperushwe kwanza, ndipo kioo kifutwe; kufuta kioo chenye mchanga ni kukikwaruza.

Mshindo wa bunduki nao una sheria yake. Bunduki nzito kama ya .375 H&H, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, hurudi nyuma kwa nguvu kubwa. Darubini yake ni lazima iruhusu jicho kukaa sentimeta 9 au 10 nyuma ya lenzi, la sivyo ukingo wake utaipasua nyusi ya mlengaji.

Uchaguzi kwa kazi

Askari wa wanyamapori au mwindaji anayemkabili nyati kichakani katika mita 50 atafaidika na darubini nyepesi ya ukuzaji wa mara 1 hadi 6, yenye lenzi ya milimeta 24. Mwindaji wa swala katika mbuga za wazi atatosheka na ile ya mara 2 hadi 10 au mara 3 hadi 12, yenye lenzi ya milimeta 40 au 42. Mpigaji shabaha wa mita 600 hadi 1,000 atahitaji mara 5 hadi 25, alama ya mbele, kifundo cha paralaksi na bomba la milimeta 34. Naye atavumilia uzito wake kwa kuwa hatembei nayo siku nzima. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nchini Tanzania huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Popote pale, darubini ya bunduki isitumiwe kuchungulia watu au mifugo, kwa maana lenzi inapoelekea ndipo mtutu unapoelekea. Wala isielekezwe kwenye jua, kwa kuwa huweza kulipofusha jicho.

Hitimisho

Darubini haiifanyi risasi iende mbali zaidi, wala haimfanyi mlengaji kuwa hodari. Humwonyesha shabaha na kumpimia pembe. Fedha zake basi na zitangulie kwenye vifundo vya kweli, kisha kwenye vioo na tando, na mwisho kabisa kwenye ukuzaji. Na baada ya vipimo vyote kufanywa, ikiwa mwindaji bado hana hakika kwamba risasi itatua ndani ya shibiri ile moja, wajibu wake ni kushusha bunduki na kumwacha mnyama aende zake.

Maswali ya kujipima

1. Darubini ya lenzi ya milimeta 56 inakuza mara 8. Duara la nuru litokalo lina kipenyo gani?
2. Kifundo kilizungushwa miliradiani 8 mbele ya ubao ulio mita 100, na alama ikahama sentimeta 78. Kosa ni asilimia ngapi?
3. Nyati mwenye kimo cha mita 1.5 begani anajaza miliradiani 5. Yuko umbali gani?

Majibu: (1) Milimeta 7. (2) Asilimia 2.5. (3) Mita 300.